Siku ya Kura Nyumbani kwa Nzioka

Nzioka, mwanaa mwaitu, ndugu yangu,

Kuna jambo nimekuficha tangu uchaguzi uliopita. Nililinyamazia ukiwa mzima, nikalinyamazia ukiwa hospitalini, na siku tuliyokuzika nilisimama pale Kanyangi nikakusifu kwa maneno marefu, nikalinyamazia tena. Sasa zamu yangu inakaribia. Daktari alizungumza na wanangu nje ya mlango, kisha wakaingia wakitabasamu kama watoto waliovunja kikombe. Niliwaelewa. Nikaomba kalamu. Mwandiko utauvumilia, hata mkono ulipokuwa hautetemeki wewe ulikuwa ukisema naandika kama kuku anayetafuta funza.

Lakini usinikimbize. Wewe ulipenda habari kabla ya shauri, basi pokea habari kwanza.

Ghala letu la Makindu lina paa jipya. Ndengu za msimu huu zimekauka vizuri na wanunuzi wa barabara ya Mombasa wanatupigia simu wenyewe. Mbithe, mtunza ghala, ndiye msimamizi wa kundi letu la WhatsApp mahali pako, na ni mkali kukushinda. Juzi mwanachama mpya kutoka Mwingi aliuliza bei ya ndengu. Mwenzake akamjibu, "Muulize mbunge wenu, si ndiye anajua kila kitu?" Mbithe hakubishana. Aliandika neno moja tu: "Mbuzi." Nilicheka nikakohoa, nikakohoa nikacheka, hadi mjukuu wangu Ndinda akaja mbio akidhani ndiyo safari yenyewe.

Yule kijana wa Mwingi hakuelewa, ikabidi aelezwe. Ndipo nikakumbuka tulikotoka.

Tulianza vizuri, sivyo? Wewe muuza mbuzi ulileta watu wako wa Kitui, mimi mwalimu mkuu mstaafu nikaleta wale niliofundisha nao Makueni. Tukachanga, tukanunua ndengu wakati wa mavuno, tukaziweka tukingoja bei ipande. Kundi la simu lilikuwa la bei, mvua na salamu za Jumapili. Kisha kampeni zikaja. Wewe ulikuwa na mrengo wako, mimi wangu, na watu wetu wakatufuata kama mbuzi wanavyomfuata beberu.

Hujaisahau ile asubuhi ya mvua, najua. Mbithe aliandika, "Wazee, paa linavuja." Mpwa wako Muthengi akamjibu, "Mrengo wenu ndio unavuja!" Vita vikaanza. Huyu akaleta picha ya mkutano wa hadhara, yule akaleta video ya zamani, fulani akatoka kwenye kundi kwa hasira, akarudishwa, akatoka tena. Na mimi, msomi wenu, nikaandika somo refu la historia ya katiba ambalo hakuna aliyelisoma. Mbithe alipiga kelele humo katikati kama mtu anayezama: "Paa jamani, paa!" Tulipofika Makindu, ndengu zilikuwa zimechipuka ndani ya magunia. Wewe ulichomoa mche mmoja, ukautazama, ukasema, "Mwalimu, tulipanda siasa. Ona ilivyoota."

Hapo ndipo ulipofufua sheria ya wazee wetu: mwenye kosa atoe mbuzi. Anayemtukana mwenzake katika kundi atachinja, na aliyetukanwa ndiye atakayekula wa kwanza, akikatiwa nyama na yule aliyemtukana. Watu wangu walinong'ona, "Aa, si yeye ndiye muuza mbuzi?" Uliposikia ulijibu kwa sauti, "Basi msitukanane, nife njaa!"

Sheria ilifanya kazi, ingawa ilipokaribia Krismasi watu walianza kutukanana kwa mpango. Asubuhi moja mchungaji mstaafu alimwita mwenzake "mkia wa kondoo" bila sababu yoyote, na wote wawili wakauliza kwa pamoja tunachinja siku gani. Ulikataa. Ulisema tusi lisilouma halina mbuzi.

Lakini lile la Muthengi liliuma. Nilikuwa nimeandika kwamba tusiuze ndengu kabla ya uchaguzi, tungoje bei itulie. Naye akaandika, mbele ya watu wote, kwamba mzee wa mikono ya kutetemeka anangoja mrengo wake ushinde ndipo auze, na kwamba mtu ambaye hata mke wake alikufa akimsubiri alete dawa asitufundishe kuhusu kungoja.

Nzioka. Niliiweka simu chini ya mto.  Wewe ndiye uliyejua kwa nini nilichelewa siku ile. Wewe ndiye uliyekuwa nami kwenye lile lori lililokwama mtoni, dawa ikiwa mfukoni mwangu.

Nilipoichukua tena simu nilikuta umeandika. Hukumwandikia mpwa wako faraghani. Ulimwandikia palepale alipokosea: "Muthengi, utaleta mbuzi, na hutamnunua kwangu. Utamleta kwa Mwalimu kwa miguu yako." Mrengo wako ulikugeukia. Wakakuita msaliti, wakasema watatoa hisa zao zote na kikundi kife. Wewe, ambaye ghala lile lilikuwa uzee wako wote, ukawajibu, "Anayetaka kuondoka aondoke. Lakini mbuzi abaki."

Hakuna aliyeondoka. Muthengi alikuja, akamvuta mbuzi toka kituo cha basi hadi kwangu, akanikatia nyama huku machozi yakimtoka, nami nikamwambia ni moshi.

Baada ya siku ile nilifanya jambo la ajabu. Nilianza kuwapitia watu wa mrengo wangu, mmoja mmoja, nikitafuta ni nani angesimama hivyo kwa ajili yako kama wewe ndiye uliyetukanwa. Nilianza na mimi mwenyewe. Nikaona picha zote za kukudhihaki nilizozipitia kimya, nyingine nikizicheka. Sikumpata mtu.

Kisha ukaja mkutano wa mwisho kabla ya uchaguzi, ukasimama na kofia yako kichwani. "Mimi na Mwalimu kura zetu zinauana," ulisema. "Yangu inaiua yake, yake inaiua yangu. Basi siku ya kura tutakaa kwangu tule muthokoi na nyama, redio imezimwa. Na nyinyi, kila mtu atafute adui wake, aende naye." Tulipeana mikono mbele ya wote. Watu walipiga makofi. Na kweli siku ile wengine walikwenda foleni wawili wawili, huyu wa huku na yule wa kule, wakigawana mwavuli. Wakapigana picha, wakazituma kwenye kundi. Hakukuwa na tusi hata moja. Sisi wawili tulishinda kwako tukila, tukibishana kuhusu mbegu, ukinidanganya kuhusu bei za mbuzi.

Mtu wako akashinda kiti kile tulichokuwa tukikibishania. Ulikuja kwangu ukicheka hata huwezi kupanda ngazi. "Ameshinda bila kura yangu, Mwalimu! Angekuwa nayo ingekuwaje?" Nilicheka nawe. Ulidhani nakufurahia kama mshindani mwema.

Sasa uchaguzi mwingine unanukia. Kundi limeanza kupata joto, kama ulivyoona kwa yule aliyemleta mbunge kwenye habari ya bei. Mbithe amenipigia. "Mwalimu, Jumamosi tuna wanachama wapya Makindu. Wasimulie ya siku ya kura, wewe na mzee Nzioka. Wakisikia kwamba wazee waliwekeana neno wakalishika, watatulia." Wakalishika! Nikamwambia nitawasimulia. Kwenda siwezi, miguu haina maana tena, lakini Ndinda atanishikia simu nirekodi sauti, nao wataisikiliza pamoja.

Nimefikiri sana. Nikisema kweli, kijana mmoja atasema hata wazee ni waongo, na pengine kile tulichojenga kitapata ufa. Nikisema uongo, nitazikwa nikiwa nimesifiwa kwa neno ambalo sikulishika. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na ninajua mtoto husamehe kosa haraka kuliko anavyosamehe hotuba. Nitasema kweli. Nawaahidi wao, na nakuahidi wewe, sitaipamba.

Lakini haifai wao walisikie kabla yako.

Usiniandalie kiti huko bila kuulizia kwanza. Pengine utanitoza mbuzi, nami nitamtoa. Sina hofu, Nzioka. Mchana jua linaingia hadi hapa kitandani, wajukuu wanabishana jikoni kuhusu nani ale ukoko, na mimi najiona mwepesi kuliko nilivyokuwa nilipoanza barua hii. Pumzika, mwanaa mwaitu. Ghala ni kavu. Mpwa wako amekuwa mtu mpole mno. Siku hizi huomba samahani kabla ya kusema.

Haya. Asubuhi ile, kabla ya kuja kwako, nilipitia shuleni. Nilifika mapema, milango ikifunguliwa, nikapiga kura, na waliponipaka wino nilikifunga kidole kitambaa. Nilikuambia nimejikata nikimenya viazi. Ukanihurumia, ukanikatia nyama siku nzima kama mtoto.

Nilimpigia kura mtu wako.