Saa Moja Hadi Kibuta

Jumatano, 8 Aprili
Karamu, mkutano wetu wa sala wa kila siku kumi na tisa, imefanyika kwangu, sebuleni kama kawaida. Watu wanane, na Mama kwenye kiti chake. Mimi ndiye katibu wa Baraza la Wabahai wa hapa Kibaha, kwa hiyo tangazo nimelisoma mimi. Nimelisoma kavukavu, kama nasoma bei za nyanya: Evance Castory amevunja Agano la kuutii uongozi wa Imani, Wabahai waaminifu hawana tena mawasiliano naye. Hakuna salamu, hakuna kula pamoja. Evance! Mdogo wangu wa kunifuata. Nimembeba mgongoni mtu huyu.

Yote haya kwa sababu ya kiti. Mlinzi wa Imani, kiongozi wetu mkuu, alifariki mwaka 1957, hakuacha mtoto, hakumtaja mrithi. Sisi tunasema uongozi sasa uko kwa Nyumba ya Haki, baraza letu kuu la dunia, basi, yamekwisha. Evance kapata kikundi chake WhatsApp — watu wa huko nje — wanasema Mlinzi mwingine yupo, ila amefichwa. Mwaka mzima nilimwambia acha. Ananijibu, kiti hakikai kitupu, dada. Kichwa ngumu kama marehemu Baba.

Tangazo likaisha. Mama akauliza, na chai yangu iko wapi?

Jumamosi, 11 Aprili
Tumetoka hospitali. Daktari kaniita pembeni: figo zimechoka, mrudishe nyumbani, mpe anachopenda. Nikalia chooni, nikanawa uso, nikatoka.

Mama si mjinga. Tukiwa kwenye bajaji kasema, nizikwe Kibuta, kwa baba yenu. Nikasema tutaona, Mama. Akasema hakuna cha kuona.

Lakini sheria! Mbahai hapelekwi kuzikwa zaidi ya safari ya saa moja kutoka alipofia. Sasa akifia hapa Kibaha, Kibuta ni saa moja? Na nyumba yetu kule ni ile ile ya Baba, anayekaa humo ni Evance.

Jumanne, 14 Aprili
Leo nimefanya jambo la kichaa. Nimekodi Noah kwenda kuipima njia. Dereva, Hussen, ananiuliza tunamfuata nani huko. Hatumfuati mtu, endesha! Hadi Kiluvya safi. Kuelekea Mpuyani ni tope tupu, lori limelala katikati ya barabara. Tunaingia Kisarawe mjini saa imeshapita, na Kibuta bado. Hussen kanifariji, eti kiangazi njia hii ni fasta. Mauti yatasubiri kiangazi?

Tulipofika nyumbani Kibuta, Evance alikuwa uani anamenya mihogo. Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo dada."

Sikuitika. Hata mlevi akinipa shikamoo barabarani namwitikia. Nilimwambia Hussen ageuze gari. Njiani akazima redio.

Jumatano, 15 Aprili
Jirani yangu aitwaye Sikudhani kaja kupima gauni ninalomshonea. Kaniona uso umevimba, nikamweleza. Kashika kiuno. Akasema, ndugu wa tumbo moja hamsalimiani? Kwetu mtu awe mlevi, awe mwizi, awe kahamia kanisani, msibani anakuja na jembe anashika. Nikamwambia umoja ndio roho ya dini yetu. Kila mtu akijichagulia Mlinzi wake, tutabaki vipande vipande. Akaniuliza, sasa hivi mko vipande vingapi?

Mwanamke ana mdomo huyu! Nilichomjibu nakiamini. Nakiamini kweli. Na bado kinaniuma.

Ijumaa, 17 Aprili
Mama hali chakula tena. Asubuhi kasema, nipeleke nikiwa hai. Yaani akafie kule kule, sheria isiguswe. Alikuwa Mbahai kabla mimi sijazaliwa, hesabu zake kazipiga mwenyewe. Nikamwambia, lakini Mama, kule yuko Evance. Akasema, najua yuko, nilimzaa mimi.

Mwenyekiti wetu wa Baraza, Laurean, kaja jioni. Afadhali angenitisha. Kasema taratibu: mpeleke, mama ni mama, ila chunga ulimi wako, dada. Msiba ukitokea tutakuja kuzika, lakini Evance hatasimama nasi kwenye sala. Macho mekundu — yeye na Evance walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Nimemwelewa. Nikimwitikia Evance, Karamu ijayo jina litakalosomwa ni langu.

Jumatatu, 20 Aprili. Kibuta
Tuko hapa tangu juzi. Nimekuja na chupa yangu ya chai, mkate wangu, ndoo yangu. Aibu gani hii, kwenye nyumba niliyokulia! Evance hajauliza kitu. Asubuhi shikamoo dada, jioni shikamoo dada. Mimi kimya. Tunamgeuza Mama pamoja, yeye mabegani, mimi miguuni, na mikono inaelewana kuliko sisi wenyewe.

Leo jua likizama Ridhwani inaingia, sikukuu yetu kubwa kuliko zote, na Kibaha wanapiga kura ya Baraza. Sijui wataniweka au wataniacha.

Mchana Mama kafungua macho. Kasema Sala ya Wafu mmoja asome, mwingine asimame. Ndivyo isaliwavyo, anasoma mmoja tu. Nikauliza, asome nani, Mama? Nikangoja. Evance naye kaacha kumpepea, anangoja. Mama katutazama mmoja mmoja, akafumba macho. Hakumtaja mtu! Tulibaki tunatazamana, halafu nikakumbuka kwamba sipaswi kumtazama.

Jumatano, 22 Aprili
Mvua tangu jana. Laurean kapiga simu: njia imekatika, hakuna gari linalopita. Wabahai wa kumsalia Mama hapa ni mimi na — ni mimi.

Sanda ninayo kwenye mkoba, pamba nyeupe, nimeikata na kuipinda mwenyewe. Pete ya maziko, ya kumvisha kidoleni, ninayo. Kitabu cha sala ninacho. Naandika hapa uani chini ya bati. Evance yuko ndani na Mama. Asubuhi hii hakunisalimia. Nilisubiri, Mungu anisamehe, nilisubiri.

Katoka. Kasimama mlangoni, mikono inaning'inia. Hakusema shikamoo. Kasema tu, "Dada." Sauti ile ile ya siku aliyofariki Baba. Basi Mama ametutoka.

"Abee," nimeitika. Limetoka lenyewe.

Ananijia. Kanyoosha mkono, sijui anataka kitabu cha sala, sijui anataka kuniinua —