Chumvi kwenye Ndoo ya Kuku

Matamba, Makete
8 Juni 2025

Mwanangu Protas,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila vidole tu, ambavyo mwezi huu wa sita havinitii mpaka jua lipande. Wewe je, na joto la Dubai? Naandika kwa mkono wangu, Agnes wa dukani atapiga picha akutumie kwa simu yake.

Baridi ya sakitu mwaka huu ni kali. Kila asubuhi nakuta ndoo ya kuku imeshika barafu. Navunja kwa mchi huku wananitazama kama wageni walionyimwa chai. Wasipokunywa hawatagi, na wengine wameanza kunyong'onyea. Kaka yako Rogers anasema hawa kumi na wanne wakiisha sina sababu ya kukaa huku peke yangu, nifunge nyumba nihamie kwake Mbeya. Mimi sitaki. Wewe uko kwenye mitambo ya kupoza majumba, mambo ya baridi unayajua. Nifanyeje?

Mama yako


Muhaisnah, Dubai
15 Juni 2025

Shikamoo Mama,

Pole na vidole. Mimi niko salama, ila hiyo barafu nakuonea wivu. Huku maji ya bomba mchana yanachoma, tunayakinga alfajiri kwenye ndoo ili jioni tuweze kuoga.

Nimemuuliza Shafiq, yule fundi Mganda ninayembebea vifaa. Anasema maji ya kwenye mabomba yetu hutiwa dawa yasigande, na kwa nyumbani dawa ni chumvi. "Weka chumvi tu, khalas," yaani basi, yamekwisha, ndivyo alivyosema. Basi tia konzi mbili kwenye ndoo kila jioni. Usifunge nyumba, Mama. Nikifikiria kurudi nafikiria hapo, sifikirii Mbeya.

Mwanao Protas


Matamba
29 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Nilifanya kama ulivyosema. Maji hayakuganda. Ahsante kwa kunifikiria. Unakula vizuri? Funika kichwa ukiwa juani.

Mama yako


Muhaisnah
6 Julai 2025

Shikamoo Mama,

Hujambo na baridi? Mimi mzima, tena mwenye furaha. Barua yako nimeisoma mara tatu kwenye basi la kampuni. Nimewasomea wenzangu chumbani, sasa wananiita daktari wa kuku. Miaka minne niko huku, na hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokufanyia kikafaa.

Jumapili ijayo nitamwandikia mama mdogo Peninah. Ana kuku sitini, naye atie chumvi. Wako wamefika wangapi sasa?

Mwanao Protas, daktari


Matamba
7 Julai 2025

Protas,

Usimwandikie Peninah. Nisamehe nimeruka salamu, Agnes anataka kufunga duka.

Chumvi iliwaua kuku. Siku ya kwanza waliyasusa yale maji. Siku ya pili kiu ikawashinda, na kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi. Kufikia siku ya nne nilikuwa nimezika kumi na wawili. Wamebaki mitetea wawili waliokuwa wanaumwa macho, niliowalaza jikoni. Wao walikunywa kwenye chungu kando ya mafiga, na chungu hicho hakijaganda hata siku moja. Mtu mzima mimi, jibu lilikuwa jikoni kwangu. Lakini aliyesema ni mwanangu wa Dubai, nikafuata.

Nilikuficha kwa sababu uliandika kwa moyo, nami sikutaka uumie. Rogers anakuja na gari tarehe mbili Agosti kunichukua.

Mama yako


Muhaisnah
27 Julai 2025

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Wiki tatu nashika simu, naiweka. Naona aibu. Nilijibu kama mtu anayejua, kumbe nabeba ngazi tu, na Shafiq mwenyewe hajawahi kufuga hata kifaranga. Nilitaka mara moja tu nikufae.

Nenda na kaka Rogers. Usibaki kwa ajili yangu. Nyumba imefungwa kwa mkono wangu, sina haki ya kuililia. Siku ya mapumziko hata kitandani sitoki. Nisamehe.

Mwanao Protas


Matamba
3 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba, na utoke kitandani. Mimi mzima, vidole vimepata nafuu.

Rogers alifika jana. Nilikuwa nimeshafunga vyombo, hata sufuria. Akaingia jikoni, akawakuta wale mitetea, nami nikamwambia siendi. Akacheka. "Mama, kwa kuku wawili?"

Nikamwambia, "Miaka minne mdogo wako ananiandikia 'Mimi mzima, Mama,' basi. Tangu maji yagande ananiandikia barua ya kusomeka. Nikija kwako kwenye maji ya bomba, ataniuliza nini?"

Akauliza nyundo iko wapi. Ameshinda anajenga banda dogo lililoegemea ukuta wa jikoni, upande wa mafiga, anagombana na misumari. Amesema mwakani tutaona. Mwakani ni mbali.

Basi niulize, mwanangu, habari za kuku na za lolote. Nishauri pia. Ukikosea nitakuambia siku hiyo hiyo.

Mama yako