Rehema, Wewe Si wa Kurithiwa

Mke mwenzangu Rehema,

Huna akili. Naanza na hilo kabla ya salamu, kwa sababu salamu utazipokea ukicheka, na leo sitaki ucheke. Umenitumia picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kampaundi yenu huko Riyadh, ukaandika chini yake, "Nyanya, ona madam anavyonisifu." Kizungu sikijui, nikampa dereva wa hapa anisomee. Akasoma: familia inarudi Marekani, inauza mashine ya kufulia, baiskeli za watoto, zulia, msichana wa kazi Mkenya, mwaminifu, anapenda watoto, jiko la gesi. Akanirudishia simu. Kisha akasema, "Mama, wamemweka kati ya zulia na jiko."

Na wewe umefurahi! Umesifiwa!

Kwenye simu ukiona maneno yamekuwa makali unasema madam anakuita. Haya, barua haikatizwi. Dereva nimemwambia barua hii aipige picha aiweke kwenye kundi la wanawake wetu wa Jeddah na Riyadh, waisome wote. Aibu ikikushika, vizuri.

Umesahau tulivyokuja? Mimi mpishi wa nyumba hii ya mtaa wa Baghdadiyah, wewe wa kulea watoto, chumba chetu kimoja juu ya paa karibu na matangi ya maji. Ulikuwa ukilala unanitupia miguu tumboni kama ulipokuwa mdogo. Ramadhani ya kwanza ulikunja sambusa kama mtu anayefunga nepi, zikafunguka zote kwenye mafuta. Na ile Ijumaa tulipofuatana na watoto wa bosi Kornishi, kule ufukweni, ukasimama ukasema, "Nyanya, bahari ya huku inameza jua. Ya kwetu inalitapika." Nikakukanya, bahari haitapiki. Lakini nilicheka kimoyomoyo mpaka nyumbani.

Na ulivyoondoka je, umesahau? Baba mwenye nyumba aliingia jikoni na mgeni kutoka Riyadh, akakuonyesha kwa kidevu. "Yalla, nguo zako." Nikasema kwa Kiarabu changu kibovu, "Mafi! Huyu bint yangu, haendi." Wakacheka. Madam wa hapa akanishika bega, "Halas, mama, Riyadh kuzuri." Ukatoka na unga wa chapati kwenye kucha, hata mikono hukunawa.

Ukaangukia kwa hao Wamarekani, na haki nitasema: uliangukia pazuri. Huyo madam hajakupiga. Alikupa chumba chenye dirisha. Siku yako ya kuzaliwa alikuokea keki, picha yake niliiona. Sikatai. Ni yeye pia aliyekutia kwenye mambo ya Dina.

Alasiri moja ulinipigia unatweta. "Nyanya, Dina tumempata tena!"

"Dina gani?"

"Dina wa madam!"

"Mwambie karibu. Amekuja na nani?"

"Haji, Nyanya, alikufa zamani, Marekani ikiwa bado ya Mwingereza."

Ndipo ukanieleza kwamba madam wako anautafuta ukoo wake kwenye hati za mashamba na wasia za wakati huo, na wewe unampangia makaratasi kwenye meza ya kulia. Kwao kila mwanamume aliitwa jina la babake, akashindwa kujua yupi ni wake. Mpaka akakuta wasia wa mzee mmoja: binti yangu apewe kitanda, chungu cha chuma, farasi jike, na msichana aitwaye Dina. Halafu wasia wa huyo binti, alikoolewa mbali: mwanangu apewe Dina na watoto wa Dina. Hapo madam akajua kuwa ni watu wale wale, ni ukoo mmoja. Akaruka, akakukumbatia, akalia machozi.

Nikakuuliza, "Kwa hiyo Dina alirithiwa, kama mjane?"

"Kama ng'ombe, Nyanya."

"Na watu wa Dina wamepatikana?"

"Hao hawakuacha wasia."

Ona! Ukoo mzima umeshikamana kwa mkono wa Dina, na Dina mwenyewe hana kwao.

Tena ukaniambia kwamba siku hizo mume akiuza shamba, mke alivutwa pembeni na hakimu, mbali na mume, akaulizwa: umekubali kwa moyo wako au umelazimishwa? Na jibu lake likaandikwa kwenye hati. Nikasema, vizuri sana. Na Dina aliitwa pembeni? Hapo ndipo madam alipokuita.

Sasa nakuuliza wewe. Nani amekuita pembeni, Rehema? Hao wanaotaka kukuchukua madam wako akiondoka, walikuja Alhamisi, ukawapitishia chai, wakakutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, mwanamke akamuuliza madam wako kama unakula sana. Ukanisimulia kama kichekesho. Wana watoto watano na babu asiyeinuka kitandani. Wewe ulimuuliza nani chochote?

Mkataba wako umekwisha. Tiketi ya kwenu ni haki yako. Pasipoti yako iko kwenye droo ya mume wa madam. Wakiondoka kabla hujaishika, itahamia kwenye droo nyingine, na wewe utaifuata. Na hao wakihama, mtafuata tena nyote wawili.

Mwanao kule nyumbani jana mama yako alimwonyesha picha yako. Akasema, "Huyu si mama. Mama ni simu."

Naogopa, mjukuu wangu. Neno hilo silisemi ovyo, unanijua. Kati yetu kuna jangwa zima, na ruhusa yangu mimi inaishia duka la mkate. Ningekuwa na miguu ya kufika Riyadh ningekutoa kwa sikio mbele ya Wazungu wote.

Sasa kaa vizuri unisikilize, ndiyo kwaheri yangu hii. Kesho, watoto wakishapanda basi la shule, zima pasi. Nenda kwa madam, usimngoje akuite. Usianze na samahani. Mwambie, "Madam, nakushukuru. Nipe pasipoti yangu, na mume wako anikatie viza ya kutoka. Naenda nyumbani." Atalia. Mwache alie. Atakuambia hao ni watu wazuri. Sema yale yale tena, polepole, bila matusi. Usipokee zawadi, usipange sanduku la mtu, usipike chakula cha mchana. Simama hapo hapo mpaka akuwekee pasipoti mkononi, kisha uifunge kwenye kanga, kiunoni, ndipo unipigie.

Nyanya yako, mke mkubwa,
Jeddah