Damu Niliyotoa kwa Jina la Mdogo Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, mtaani huitwa Mama Pindo
Umri: miaka 46
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya uani, nyuma ya soko kuu

Mnaye hapa mahabusu mdogo wangu wa tumbo moja. Mtoto wake wa miaka sita alichukuliwa na ofisi ya ustawi wa jamii kwa sababu ya pombe ya mama. Pombe ameiacha tangu mwezi wa tatu. Naapa ameiacha, naishi naye nyumba moja.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu alitakiwa kwenda zahanati kupimwa damu, ili kuhakikisha kauli yake kwamba hanywi, ndipo arudishiwe mtoto. Asubuhi hiyo alikaa kitandani akagoma. Alisema, "Dada, miaka yote ile imo humu kwenye mishipa. Wataiona tu." Nikamwambia, "Acha ujinga, lete kitambulisho chako." Tumefanana kama shilingi kwa ya pili. Nikaenda mimi.

Muuguzi aliniuliza nakunywa kiasi gani. Nilijibu sinywi, bila kupepesa macho. Akaniambia kipimo kile kinaona pombe ya wiki chache zilizopita, ya zamani hakiioni. Hapo ningeinuka nikamlete mwenyewe. Sikuinuka, maana mimi si mlevi. Mlevi alikuwa yeye, mimi nilikuwa wa kumfulia na kumsema.

Afande ameniuliza hapa kama nakunywa. Nimesema kidogo, ya kulalia, tangu nifiwe na mume. Ameuliza kidogo ni kiasi gani. Nimesema glasi moja. Ameishusha kalamu bila kuandika. Nimesema mbili. Basi aandike nusu chupa, kila siku, na naificha kwenye kapu la vitambaa.

Tarehe 11, saa tano asubuhi, ofisa ustawi alitusomea majibu: damu ya mtu anayekunywa sana. Mdogo wangu hakumtazama ofisa, alinitazama mimi. Angeweza kunitaja. Hakunitaja, hata alipokamatwa kwa kuidanganya ofisi. Nimeona aibu, afande, sijui niiweke wapi.

Naomba apimwe damu yake mwenyewe, leo. Mtoto asikae kwa watu kwa kosa langu. Na mimi nipimwe tena, kwa jina langu.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nimesomewa, nakiri ni kweli.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa wa polisi: Nimemwonya shahidi kwamba kwa maneno haya anaweza kushtakiwa yeye. Amejibu, "Najua. Mfungulieni kwanza mdogo wangu."