Sumaku ya Friji

Baba Wagdi,

Mboga ya molokhia iko kwenye sufuria ndogo. Ipashe tu, usiiache ichemke. Maji yakikatika, ndoo imejaa bafuni.

Funguo za gari usizitafute. Ninazo mimi.

Asubuhi umenifokea ngazini hadi majirani wakafungua milango. Eti jana nimekwaruza gari kwenye nguzo, nimeharibu rangi ya kiwandani, na nisiguse tena usukani. Ni kweli, nimelikwaruza. Ulipoondoka nikashuka kuangalia. Chini ya mkwaruzo hakuna bati, kuna puti ya kuzibia mabonde, nene kama ganda la mkate. Nikapanda kuchukua sumaku ya friji, nikaibandika kwenye mlango wa gari uliokwaruzika, kama wafanyavyo wanunuzi kule soko la magari. Ikaanguka. Nikaibandika kwenye boneti, ikashika.

Gari ulilinunua jipya, na kabla ya jana hakuna aliyeliendesha ila wewe. Sasa huo mlango uliugongesha wapi, bwana rangi ya kiwandani? Na fundi gani alikupigia puti kimyakimya?

Naenda Tanta kwa dada yangu, naendesha mwenyewe, na mkwaruzo wangu hivyo hivyo. Fundi asiuguse. ~~Nitarudi magharibi.~~ Nitarudi nikitaka.

Kikaratasi hiki ungekikuta kwenye friji kama siku zote, lakini sumaku nimeondoka nayo. Ijumaa mnunuzi wako akija kuliangalia gari, usimwapie kuwa rangi ni ya kiwandani kabla hujaniomba radhi. Palepale ngazini, milango ikiwa wazi.

Mama Wagdi