Nyusi za Mele

Logan, Jumapili

Shangazi Kalolaine,

Shikamoo. Mkeka wako umefika salama kutoka Tonga, nimeutandika sebuleni.

Unajua nasomea saikolojia ya shule. Jumanne nilimpima uelewa mtoto wa miaka saba, profesa wangu akiwa pembeni ananitazama. Mtoto mwenyewe Mele, Mtonga mwenzetu. Kila nilipouliza swali la ndiyo au siyo, aliitikia kama tunavyoitikia nyumbani: aliinua nyusi, yaani ndiyo. Nilimwelewa vizuri kabisa. Lakini niliogopa kuambiwa nambeba, nikaandika, “Hakujibu.” Mara kumi na moja, Shangazi!

Profesa akafurahi. “Safi, Seini! Hukumpendelea mtu wa kwenu.”

Mlangoni Mele akanishika mkono. “Dada, mbona nakujibu halafu unaniuliza tena?”

Nikamwambia, “Nenda darasani.”

Sasa wanataka kumhamishia darasa la watoto wazito wa kuelewa.

Jana kwenye simu uliniuliza, “We mtoto, kuna kitu umeharibu huko?” Ukasikia kimya, ukadhani simu imekatika. Haikukatika, Shangazi. Nilikuwa nimeinua nyusi.

Mtoto wa kaka yako,
Seini