Fimbo Yenye Kichwa Kikubwa

Baba Gladness,

Ndizi ziko kwenye sufuria, zipashe. Ng'ombe hajakatiwa majani. Mimi nimekwenda Sanya Juu kutafuta ulezi mwingine, maana pombe yote ya mbege ya ubatizo ilimwagika asubuhi ulipopasua mtungi wa mama yako kwa mpira wa gofu, ukakimbilia kazini bila hata kusema pole.

Zile fimbo mbili ulizopewa klabuni uzijaribu, rudisha yenye kichwa kidogo. Najua bosi wako anatumia ya namna hiyo. Yeye amecheza miaka, wewe umeanza Pasaka. Hiyo ukikosea kidogo tu, mpira unakwenda kwa watu. Ile yenye kichwa kikubwa, unayoicheka eti ni kata ya mbege, jana uliupiga mpira ovyo nayo na bado ukanyooka hadi kwenye migomba. Nilikuwa nafua, nimechoka, lakini niliona.

~~Nikirudi nitakuombea msamaha kwa mama.~~

Hapana, safari hii sikuombei. Mama amejifungia ndani, hata chai hataki. Nimekuchumia jani la sale la kuombea msamaha, hilo hapo juu ya karatasi. Sale halikataliwi. Mpelekee mwenyewe, kwa mikono miwili.

Na fimbo uiache nje.

Mama Gladness